Upindo wa Vidole Vinne

Baba mdogo alitupa sare ya shule ya binti wa kaka yake juu ya meza ya cherehani. "Kipimo ndicho hicho, fundi. Nataka gauni la bibi harusi, Jumamosi liwe tayari. Kitambaa hiki hapa."

Fundi aligeuza ile sare, akaona upindo wa vidole vinne. Moyo ukampiga paa. Mtaa mzima ni yeye peke yake anayeacha upindo mpana hivyo, ili msichana akirefuka ashushiwe, asibaki nyumbani kwa kuonea haya sare fupi. Hii aliishona mwenyewe. Mwenye nayo ana miaka kumi na minne, na Jumatatu anaanza mtihani. Mtu mzima na akili zake analeta sare ya shule iwe kipimo cha gauni la harusi, wala haoni ubaya wowote!

Alitamani kumrushia mkasi. Akajikaza, akatabasamu. "Kaka yangu, gauni la harusi halipimwi kwa nguo kuukuu. Likimbana mbele ya wageni utanilaumu mimi. Mlete mwenyewe kesho asubuhi."

"Nyinyi wanawake na mambo yenu," alinung'unika, lakini akakubali.

Kesho yake alimleta binti huyo, kamshika mkono utadhani mwizi. Fundi akamwingiza binti chumba cha nyuma, akavuta pazia. Baba mdogo akakaa kwenye benchi, hatua tatu tu kutoka hapo.

"Mama, mimi sitaki kuolewa," binti alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Najua, mwanangu. Nyamaza."

Akafungua mlango wa uani taratibu. Bawaba zikalia, naye akakohoa kwa nguvu kuzifunika. Nje alisimama mwalimu mkuu, aliyekwisha kuelezwa yote na fundi tangu jana, pamoja na ofisa wa ustawi wa jamii.

"Nenda nao. Utakaa bweni."

Binti akatoka. Fundi akaketi kwenye cherehani ya humo chumbani, akaanza kukanyaga.

"Kipimo gani hicho kisichokwisha?" baba mdogo akauliza.

"Subiri, kaka. Nashikiza kiunoni, mtoto mwenyewe mwembamba."

Alijua mtu huyu anaweza kumvunjia duka, hata kumvunja mbavu. Aliogopa, tena sana. Akaendelea kukanyaga huku akimfuata binti kwa mawazo: uani, kichochoroni, barabarani. Benchi likalia. Hatua moja. Hatua ya pili. Ndipo akasikia gari likiwashwa nyuma ya nyumba na kuondoka. Akakata uzi.

Pazia likavutwa kwa nguvu. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa vilevile kilivyoletwa. Chumbani hapakuwa na mtu ila fundi, ameshika sare ya shule.

"Binti yuko wapi? Na gauni liko wapi?"

"Gauni ndilo hili," fundi alisema. Sauti ilimtetemeka, naye hakujali. "Nimeshusha upindo. Linamtosha mpaka mwakani, na Jumatatu nampelekea mwenyewe shuleni."