Sajini na Yai Lake

Kulipambazuka Jumapili, na katika ukumbi wa bweni la makuli wa bandari ya Durban mashindano ya kwaya ya usiku kucha, zawadi yake mbuzi aliyefungwa pembeni, yalikuwa yamekosa mwamuzi. Mwamuzi sharti awe Mzungu asiyejua Kizulu hata neno, ili asimpendelee mtu. Yule waliyemwokota mtaani alikuwa anakoroma chini ya meza.

Mfanafuthi Cele, kiongozi wa kwaya ya mwisho kuimba, alivua glavu zake nyeupe, akazivaa tena. Wimbo wao aliutunga kaka yake, Sibonakaliso, aliyefia bandarini. Mfanafuthi alinyimwa pasi, kile kibali cha Mwafrika cha kutembea, asiweze kwenda kumzika kwao. Hadi leo walikuwa wakiuimba bafuni tu, kwa kunong'ona, kwa sababu ulimcheka polisi. Alitaka usikike mbele za watu, hata mara moja.

Mlango ukapigwa teke. Sajini Mzungu akaingia na koplo wake Mzulu, Khuzwayo.

"Mkusanyiko huu umevunjwa!"

"Mwamuzi amefika!" akapaza sauti mzee mmoja, na kabla sajini hajafumba mdomo alikuwa ameketishwa kitini, chai mkononi, andazi juu ya goti.

"Imba sasa, bwege wewe," mwenzake akamnong'oneza Mfanafuthi. "Mzungu huyo hapo."

"Huyu? Si atatufunga!"

"Kwani wewe ulitaka malaika?"

Wakaimba, wakicheza kwa kunyata kama kwaya zao zilivyozoea, kwa viatu vilivyong'arishwa:

*Sajini kaingia bandani, kamdai kuku pasi,*
*kuku hana pasi, katoa yai,*
*sajini kalifunga yai pingu.*

Ukumbi ukaangua kicheko. Sajini akamgeukia koplo. "Wanasema nini?"

Khuzwayo alitazama dari. "Wanamsifu kuku, Bosi."

"Kuku?" Uso wa sajini ukalainika. "Mimi nafuga ishirini! Hawa ndio washindi, wapeni mbuzi wao. Tena! Kwa sauti, mtaa mzima usikie!"

Sajini mwenyewe akasimama, akaanza kunyata nyuma ya kwaya, andazi mkononi. Watu walijikunja wakishika mbavu.

Mfanafuthi akafungua kinywa kuanzisha, sauti ikagoma. Alikuwa amemkumbuka kaka yake bafuni, povu la sabuni masikioni, akitafuta ubeti wa yule kuku.

Kisha nyuma yake besi nzito ikaanzisha: *Sajini kaingia bandani…* Alikuwa koplo Khuzwayo, kofia kwapani, macho mbele kama yuko gwarideni.

Mfanafuthi akapenga kamasi kwenye glavu nyeupe, akaupokea wimbo.