Garimoshi la Maneno

Wakhungu aliteremka stesheni ya Bungoma asubuhi, akashika njia ya Bumula kwa miguu. Ukungu ulikuwa mzito hata njia nzima hakuona uso wa mtu. Aliona miguu tu: miguu ya wanawake wanaokwenda kuvuna wimbi, miguu ya ng'ombe, miguu isiyokuwa na wenyewe. "Mulembe," ilimsalimu miguu. "Mulembe," akaijibu. Mara akaona kisigino chenye kovu la jembe, akajua ni cha Nekesa, mke wake, akakikimbilia. Alipokifikia kilikuwa cha mwanamke mwingine, tena hakikuwa na kovu.

Nekesa alikuwa amelala Kitale, ukingoni mwa shamba la mzungu walikofanya kazi, chini ya mikaratusi. Homa ilimshika mahindi yakichanua. Nyapara alisema lori la kumpeleka hospitali halitoki mpaka karani aseme. Karani akasema mpaka bwana aseme. Bwana alikuwa klabu. Kila mmoja alikuwa na mkubwa wake wa kungojewa, ila homa tu, hiyo haikumngojea mtu. Alipokufa, wakubwa hao hao wakapata ulimi wote kwa pamoja: zika hapo hapo, maliza kabla ya saa sita, saa saba urudi kwa maksai. Kumpeleka nyumbani Bumula, hapana.

Na wakubwa wa nyumbani nao je? Walikuwa afadhali? Mzee Mukhisa, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Wakhungu, alituma neno Kitale. Mtu wa ukoo wetu akizikwa ugenini, alisema, sisi humzikia shina la mgomba nyumbani. Tunalilaza kama mtu, ndipo tunalia. Kabla ya hapo hakuna kulia, na mtoto asiambiwe. Tena mgomba ungoje mavuno ya wimbi, maana mazishi bila busaa, pombe ya wimbi, ni aibu. Basi ukoo mzima ukangoja wimbi. Lenah, mtoto pekee wa Nekesa, aliyekaa Bumula kwa nyanya yake ili asome, aliambiwa kila alipouliza kwamba mama bado yuko kazini, atakuja na garimoshi.

Mzee Mukhisa alimpokea Wakhungu uani, mitungi ya busaa imepangwa nyuma yake.

"Kesho asubuhi tunalaza mgomba," alisema. "Mtoto lazima ajue leo. Wewe ndiye baba. Mwambie, lakini polepole, asije akalia. Kilio ni kesho."

"Polepole namna gani, baba? Mtoto aambiwe mama yake amekufa, halafu afungie kilio sandukuni mpaka kesho?"

"Usinijibu kama mtu wa Kitale. Busaa haijachujwa. Watu wakijaa hapa leo watakunywa nini, maji ya mto?"

Wakhungu alitoka uani. Alikwenda shuleni kumchukua mtoto, na njiani akajaribu maneno. Mama yako amepumzika. Hapana. Mama yako amesafiri mbali. Hapana, huo ndio uongo ule ule, umevalishwa kanzu. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, mashamba yakitokea moja moja kana kwamba ndiyo kwanza yanaumbwa, na yeye akawa hana uhakika kama anatembea au amesimama na njia ndiyo inayompita.

Shule ilikuwa chumba kimoja cha udongo. Alisimama dirishani. Yeye mwenyewe alisoma msimu mmoja tu, akatolewa akachunge. Alikumbuka fimbo kuliko herufi. Lakini humu hapakuwa na fimbo. Watoto walikuwa wamejifunga majani kichwani, wengine jani la mpera, wengine jani la kiazi kitamu, wengine nyasi, na mwalimu, kijana wa Sirisia aliyeitwa Eliakim, alikuwa katikati yao akipuliza filimbi kama mkuu wa stesheni.

"Kichwa cha garimoshi ni nani?"

"Ni mimi! Kitabu!" alisema mvulana mwenye jani la mpera.

"Haya, Kitabu anaita watu wake. Mabehewa!"

Msichana mwenye jani la mpera akamshika bega: "Kikubwa!" Mwingine akamshika huyo: "Kimeanguka!" Kisha mvulana mnene mwenye nyasi akaja mbio, akajishikiza mkiani.

"Mimi ni Mzuri!"

"Toka, bana! Wewe si wa kwetu! Si uende kwa Mtoto!"

"Ati mnifukuze? Kwani kitabu hakiwezi kuwa mzuri?"

"Kinaweza, lakini avae jani letu kwanza!"

Darasa lilicheka, mnene naye akacheka, akavishwa jani la mpera, na garimoshi likaondoka likizunguka chumba, Kitabu-kizuri-kikubwa-kimeanguka, chu, chu, chu, vumbi likipanda kwenye mwanga.

Wakhungu alijikuta ameegemea dirisha kama mtu aliyeshikwa na usingizi. Huko Kitale hakupata kuona maneno yakishikana mabega. Huko neno lilikuja peke yake, kama mbwa aliyefunguliwa. Leta. Toa. Beba. Nyamaza. Alikuwa amezungumza Kiswahili miaka na miaka na hakujua kwamba maneno yana jamaa.

Mchezo ulibadilika. Watoto wote walifumba macho, na mmoja, mwizi, akanyata akachomoa behewa moja akalificha nyuma ya mlango. "Fumbueni!" Wakafumbua, na kabla pumzi haijatoka wakapiga kelele kwa pamoja: "Kikubwa hayupo! Kikubwa amekwenda wapi?" Walimtafuta, wakamleta, wakampa nafasi yake. Wakhungu alitazama mlango ule. Alingoja, ingawa alijua hakuna mwingine aliyefichwa pale.

"Sasa kichwa kipya," alisema mwalimu. "Lenah."

Lenah alikuja mbele. Alikuwa amerefuka. Shingo ilikuwa ya Nekesa, na namna ya kuinua kidevu ilikuwa ya Nekesa.

"Wewe ni neno gani?"

"Mama."

Wakaja wenye nyasi. "Mzuri!" "Anakuja!" "Nyumbani!" Mwalimu akatazama huku na huku akitafuta stesheni, akamwona mtu dirishani.

"Mzee, karibu ndani! Wewe uwe stesheni. Kazi yako ndogo tu. Maneno yakikaa sawa, sema 'Pita.' Yasipokaa sawa, sema 'Rudi.'"

"Baba!" Lenah alipiga kelele Wakhungu alipoingia. Uso wote uliwaka. Lakini hakuacha mstari. Kichwa cha garimoshi hakiachi mabehewa yake. Alikuja akipuliza, chu, chu, chu, mpaka akasimama mbele ya baba yake.

"Mama mzuri anakuja nyumbani," waliimba wote.

Wakhungu alifungua mdomo.

"Yamekaa sawa kabisa, mzee," mwalimu alimnong'oneza, akidhani hajui. Mwalimu alikuwa mgeni Bumula, hakuna aliyemwambia habari za msiba. "Sema pita."

"Pita! Pita!" watoto walimsaidia.

Alitazama jani la nyasi kichwani mwa mtoto. Akatazama macho yanayongoja. Neno dogo namna ile, na halikutoka. Akainama, akamshika mkono, akamtoa nje, na nyuma yao Mzuri akamwangukia Anakuja, Anakuja akamwangukia Nyumbani, darasa likafa kwa kicheko.

Njiani Lenah aliuliza, "Baba, mbona hukusema pita? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Sasa?"

Yale maneno ya polepole aliyokuwa ameyatengeneza yote yalikuwa yamemtoka. Alipiga magoti, suruali ya kazi katika umande.

"Lenah. Mama amekufa. Alikufa Kitale, mahindi yakichanua."

Mtoto alimtazama mdomoni, kama anayengoja neno lingine lije lishike bega la hilo.

"Nani mwingine anajua?"

"Watu wote."

"Kukhu?"

"Nyanya yako anajua."

"Na Mzee Mukhisa?"

"Huyo wa kwanza."

"Ni mimi tu?"

"Ni wewe tu, mama yangu. Ni wewe tu."

"Ulimshika?"

"Nilimshika."

Lenah akakaa chini pale njiani. Sauti ikamtoka, nyembamba, ndefu, "Mayi wee!", ikapita juu ya wimbi kama ndege aliyeshtuliwa. Mkono wa Wakhungu uliinuka wenyewe kumziba mdomo, kwa kuwa kilio kilikuwa cha kesho. Ulifika karibu na shavu la mtoto. Ukatua kichwani.

Ndipo na yeye akalia. Kule Kitale nyapara alisimama kando ya shimo akiangalia jua, na Wakhungu alirudi kwa maksai na macho makavu. Sasa alilia kwa sauti ya mtu mzima, bila aibu, na shambani wanawake wakanyooka, visu mkononi. Mmoja akaitikia. Wa pili akaitikia. Ukungu wa mwisho ukawa unatembea na sauti, mlima na mto na migomba yote ikiita jina moja, Nekesa, Nekesa, hata mtu angedhani mwenye jina amekwisha kufika.

Mzee Mukhisa alikuja mbio na fimbo yake. "Nani huyo? Nani ameanzisha kilio leo?"

"Mwenye mama ndiye ameanza," alisema Wakhungu, bila kuinuka.

"Nilisema kesho! Busaa haijachujwa!"

Nyuma yake nyanya alitokea uani, kitambaa kimemdondoka, miezi yote ile ikimtoka kifuani kwa mara moja. Hakupunguza mwendo. Alimpita shemeji yake akimsukuma kwa bega.

"Kaa na busaa yako wewe," alimwambia, akashuka njia kwenda kwa mtoto.