Uzito wa Mzee Ogada

Jumanne saa moja asubuhi Mzee Ogada alipanda kwenye mizani ya mwalimu Kisyeri na mizani ikapasuka. Ilikuwa ya tatu tangu Pasaka. Kisyeri, ambaye alifundisha mazoezi ya viungo kwenye ukumbi wa senta ya machimbo, njia ya kwenda Itiryo, aliokota vipande, kisha akamchukua mzee hadi mnadani, kwenye mizani ya ng'ombe. Ogada alikuwa na kilo mia moja themanini na mbili. Alikuwa mwembamba kama bua la mtama. Mchuuzi mmoja aliisikia namba ikisomwa, akauliza bei kabla hajageuka kutazama.

"Mzee wangu, jana umekula nini?" Kisyeri aliuliza.

"Uji. Nusu kikombe."

"Uzito hautoki hewani, mzee. Mtu anakula."

"Mimi sili, mwalimu."

Kisyeri alikuwa amechoka na mtu huyu. Miezi mitano alikuwa amemkimbiza, amemrukisha kamba, amemkataza ugali wa jioni, na bado kilo zilipanda tu. Ogada akiruka, sakafu ya ukumbi ilibonyea, wenzake wa mstari wa nyuma wakawa wanakanyaga kwa uangalifu. Bodaboda hawakumbeba tena. Alikuja kwa miguu, na mvua ikinyesha kuku walikunywa maji kwenye nyayo zake.

Kwa miaka minne, tangu dhahabu ionekane pale, Ogada alilisha mawe kwenye karasha, zile mashine za kusagia mawe zilizojipanga pande zote mbili za barabara kuu ya senta. Sasa alikuwa akikohoa unga wa mawe, mkavu na mweupe. Mkewe, Felistas, aliukinga kwenye karai, lakini hakuruhusiwa kuuosha atafute chembe za dhahabu. Utaratibu wa machimboni unajulikana. Mchanga unaobaki baada ya kusaga huitwa marudio, na marudio ni mali ya mwenye karasha. Kila Jumamosi mlinzi wa karasha alipita na ndoo, akasalimia vizuri, akachukua.

Ogada alitaka kitu kimoja tu, barua ya kwenda hospitali kubwa Mwanza akapimwe kifua. Barua hiyo ilitolewa na zahanati ya umoja wa wenye karasha, na zahanati ilikwishaandika kwamba tatizo lake ni unene, tiba ni mazoezi. Angepewa barua siku ambayo mwalimu wa mazoezi angethibitisha kwamba mgonjwa amejitahidi na mazoezi hayajamsaidia. Kila mwisho wa mwezi Kisyeri alijaza fomu. Kila mara aliandika: hana bidii.

Mwezi wa saba wenye karasha waliandaa mbio za kilomita kumi, kutoka mnadani, kupitia katikati ya karasha, hadi mtoni na kurudi. Kisyeri alijiandikisha ili Ogada aone mtu anayejituma anafananaje. Alipimwa asubuhi kwenye mizani ile ile ya ng'ombe, kilo sitini na nane. Wenyeji wa senta walikuja wamejifunga kanga na mashati mdomoni, hata akina mama wauza dagaa. Kisyeri aliwahurumia kwa kutofundishwa. Yeye alivuta pumzi kwa pua, akajaza kifua mpaka chini, kama anavyofundisha siku zote.

Aliongoza kilomita mbili. Karasha zilikuwa zikifanya kazi, kwa sababu hakuna anayezima karasha kwa ajili ya mbio. Kilomita ya nne viatu vyake vilianza kuzama kwenye changarawe. Ya sita, wakati wa kurudi, alizama mpaka vifundoni. Muuza dagaa mmoja alimpita taratibu.

"Pole, mwalimu. Kanga yako iko wapi?"

Kisyeri aliendelea kukokota miguu. Mbele kidogo Mzee Ogada alisimama kando ya karasha yake ya zamani, akipunga mkono.

"Kwa pua, mwalimu," alisema. "Jaza kifua."

Hakuwa anamdhihaki. Alitaka kumsaidia, na hivyo ndivyo alivyofundishwa. Kisyeri aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miezi mitano alikuwa amemwita mgonjwa mvivu, tena kwa maandishi, na kila asubuhi alikuwa amemwamuru avute hewa ile kwa nguvu zaidi.

Alimaliza wa mwisho. Mizani ilisoma kilo mia na ishirini na moja. Mwandishi wa mbio aliiandika namba hiyo kwenye daftari, akaita mtu mwingine.

Jumatatu Kisyeri alikwenda zahanati na fomu ya Ogada. Safari hii alikuwa ameandika: amejitahidi kuliko mimi, uzito wake ni vumbi la karasha, apewe barua leo. Karani, Saida, aliisoma mara mbili, akaingia ndani kutazama daftari la mbio, akatoka.

"Mwalimu, maoni ya mwalimu mwenye unene hayapokelewi," alisema. "Na uzito hautoki hewani."

Alimpa fomu mpya. Jina, Kisyeri. Tatizo, unene. Tiba, mazoezi, chini ya mwalimu. Pale senta mwalimu alikuwa mmoja tu, kwa hiyo Kisyeri alitakiwa kujithibitisha mwenyewe, na maoni yake hayapokelewi.

Tangu hapo wanaruka kamba wawili, yeye na Mzee Ogada, nje, kwenye udongo, mdomoni wamejifunga kanga za Felistas. Mwisho wa mwezi fomu mbili hupelekwa zahanati na fomu mbili hurudi. Ogada amefika kilo mia mbili na nne, na barua haijaandikwa.

Jumamosi ya kwanza baada ya mbio, mlinzi wa karasha aligonga mlango wa Kisyeri akiwa na ndoo.

"Habari za asubuhi, mwalimu. Umeshakohoa?"

Kisyeri alimwambia asubiri kidogo.