Kompyuta Niliyoitoa Mavuno

...kwa kanisa, Wawira! Niliipeleka kwa kanisa na hii mikono yangu mwenyewe, na nikapigiwa makofi! Wacha kucheka. Wewe huko Embu kaa chini kwanza, kama uko na chai weka kando, kwa sababu kesho saa mbili asubuhi wanafunzi kumi na tisa wanafanya mtihani wao wa praktiko wa mwisho, na wasipoifanya watarudia mwaka mzima, na ni mimi nitakuwa nimewarudisha. Mimi, Kanana, mjuaji wenu.

Unajua kazi yangu hapa koleji ni kusaidia maabara ya elektroniki. Mwenye maabara ni Mwalimu Muchangi, yule mpole wa kutoka Mbeere, nilikuambia anaongeleshanga waya kama mbuzi zake. Sasa ako na bodi za kufundishia, za kitambo sana, kila moja na chipu yake katikati. Mwanafunzi anaandika programu kwa kompyuta, programu inaingizwa kwa chipu, taa za bodi zinawaka vile ameziambia. Cha kuingizia ni kisanduku kimoja cha kijivu, na waya yake ina mdomo mpana wa pini ishirini na tano. Unakumbuka printa za zamani? Mdomo kama huo. Niambie ni laptopu gani ya siku hizi iko na hiyo shimo.

Ndiyo maana chini ya meza ya Mwalimu kulikuwa na kompyuta moja nzee, nzito, rangi ya ugali wa jana. Mimi nilidhani ni takataka. Mwezi uliopita Mwalimu akaenda matanga kwao, laptopu mpya zikaletwa, mkuu wa koleji akasema, "Kanana, toa vitu zote za zamani, sitaki kuona vumbi." Na Jumapili hiyo ilikuwa mavuno kwetu Githongo! Watu wanaleta ndizi, wanaleta kuku, mama mmoja alileta malenge ya kubebwa na watu wawili. Mimi napanga chumba hapa mjini, sina hata sukuma ya kuchuma. Nitaingia na pakiti ya unga kama mgeni? Nikaomba mtu wa stoo, akasaini, nikaweka kompyuta kwa tuktuk.

Baada ya ibada matoleo yakapigwa mnada, ikanunuliwa na Mzee Salesio, yule wa kahawa. Akaishika juu mbele ya kanisa nzima akasema, "Hii naipelekea mama wa bibi yangu kule Kanyakine, ajue alizaa vizuri!" Wamama wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu, mpaka pasta akasahau mstari wake.

Sasa leo asubuhi, mara ya kwanza tangu atoke matanga, Mwalimu anafungua kabati, anatoa bodi, anainama chini ya meza. Akakaa hapo ameinama. Nikadhani mgongo umemkatalia.

"Kanana. Iko wapi ile ya hapa?"

"Ile nzee? Si tuliletewa mpya, Mwalimu?"

Hakunigombanisha, Wawira. Heri angenigombanisha! Alikaa tu kwa stuli akaniangalia, akasema, "Hizo mpya haziongei na hizi bodi. Ni ile tu. Miaka yote ni ile tu."

Nikamwambia usijali, mimi nimesoma. Nikakimbia mjini nikarudi na adapta, upande mmoja yuesibii, upande mwingine ule mdomo mpana. Nikachomeka. Laptopu ikasema imeiona! Nikaruka! Lakini programu yenyewe ya kuandikia chipu ikakataa kufunguka, ati kompyuta ni mpya sana. Sawa, nikaweka Windows ya zamani ndani ya mpya, hiyo peke yake ilikula masaa mawili. Programu ikafunguka. Nikabonyeza. Kisanduku kimya. Nikabonyeza tena. Hata taa. Mwalimu akachukua adapta, akavaa miwani, akaigeuza.

"Hii inajua printa peke yake," akasema. "Inajua kutuma karatasi. Kisanduku hiki kinataka kompyuta ishike kila pini yenyewe, moja moja. Hii haiwezi."

Tukazunguka mafundi wote wa mjini. Wakatucheka! "Hizo mashini tuliuza kwa kilo, Mwalimu. Zilishakuwa sufuria." Saa sita inagonga. Mwanafunzi mmoja, Kagwiria, ako na mtoto wa miezi minne, akanifuata mlangoni akaniuliza, "Madam, bodi ziko sawa, si ndiyo?" Nikamwambia ziko sawa. Nilidanganya mama mwenye mtoto mgongoni.

Nikapigia Mzee Salesio.

"Nirudi kwa mathaviara yangu nimwambie nini?" Ndiyo huyo mama mkwe. "Ati ile zawadi nilitangaza kanisani sasa naitaka? Mami, mimi nilimaliza kupeleka mbuzi za mahari juzi juzi. Unataka nianze upya?"

"Mzee, ni ya siku moja tu."

"Hata ya dakika. Mimi huko sionekani. Na usiseme ulinipigia."

Sasa tungefanya nini? Mwalimu akaniweka kwa Probox yake, tukaenda Kanyakine wenyewe. Akabaki kwa gari, akasema yeye hawezi kuingia kwa mama ya watu kudai kitu. Nikaingia peke yangu. Na hapo ndani, juu ya kabati ya vyombo, kompyuta yetu! Imefunikwa na kitambaa cha kushonwa na mkono, maua ya plastiki juu. Haijawahi hata kuwashwa.

"Muuga, Cucu," nikamsalimia huyo nyanya, mama mkwe wa Mzee, halafu nikalia. Sikupanga, yalitoka tu. Nikamweleza yote, kanisa, bodi, Kagwiria, kila kitu. Cucu Wanjira alinisikiza akipukuchua mahindi.

"Kwa hivyo ulimtolea Mungu kitu haikuwa yako," akasema.

"Ndiyo, Cucu."

"Na sasa unataka itoke hapa mchana, majirani wakiona, waseme Salesio amenyang'anya mama ya bibi yake."

Kumbe ilikuwa imeisha. Nikasimama niende. Cucu akapangusa mikono, akaingia chumba cha ndani, akakawia. Akatoka amevaa leso ya kanisa na viatu vya kufunga.

"Kompyuta yangu inaenda kutembea," akasema. "Na mimi naenda nayo. Nani atasema imenyang'anywa na mwenyewe ameishika?"

Wawira! Ameketi kiti cha mbele, ameipakata mpaka Meru, anasalimia kila mtu dirishani: "Tunaenda mjini na kompyuta yangu!" Mwalimu Muchangi anaendesha akitoa jasho, hawezi hata kukohoa.

Tumefika saa kumi na moja. Tumechomeka. Imelia mlio mmoja, imesahau mwaka, inasema ni elfu mbili na mbili, lakini imewaka. Mwalimu akaingiza ule mdomo wa pini. Kisanduku kikatoa taa nyekundu, halafu kijani, na bodi ya kwanza ikaanza kupepesa. Mwalimu akageuka akaangalia ukuta. Mimi nikalia tena.

Lakini bado, usishangilie. Mkuu amekuja jioni hii akasema mtahini ni mkali, hataki mtu yeyote chumbani kwa mtihani isipokuwa wanafunzi na Mwalimu. Cucu akasema basi kama yeye haingii, kompyuta yake pia haibaki. Tumebembeleza mpaka sauti ikaisha. Akainama, akachomoa waya ya stima, akaikunja akaiweka kwa kikapu chake. Tukatafuta nyingine hapo maabara. Nilizitupa zote siku ile ya vumbi! Na maduka yamefungwa.

Sasa Cucu ako kwa kitanda yangu, kikapu ako nacho chini ya blanketi, ananiambia nizime simu nimpikie uji. Mtahini anaingia saa mbili kamili, na sijui kati yake na Cucu nani atalegea. Wacha nikoroge uji wa watu. Kesho nikitoka hiyo maabara, hata kama nimefutwa, hata kama Kagwiria amenirarua nguo, wewe ndiye wa kwanza nitapigia nikueleze vile iliisha.