Maji ya Majabalini

Kabibi alipiga magoti ukingoni mwa dimbwi, akalizamisha debe taratibu asije akatibua tope. Mbuzi wake wa mwisho alikuwa amekufa juzi, na mahindi ya njano ya msaada aliyogawiwa na chifu hayakuweza kuiva kwa mate. Juu yake, kwenye kivuli cha jabali, alisimama Kiponda, mtoto wa kaka yake, amevaa kaki na kushika rungu.

"Usiteke, shangazi," alisema. "Wageni wako njiani."

Kabibi hakuinua kichwa. "Debe hili tu, mwanangu."

Ulikuwa mwaka 1984, mwaka wa ukame, na visima vyote vya upande ule vilikuwa vimekauka. Majabalini tu, katika bonde lililozungukwa na miamba ya matale mbali na barabara, ndiko maji yalikobaki. Na Kiponda ndiye aliyelitoa bonde lile kwa wageni. Alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Malindi. Siku moja akamsikia meneja, Mwaura, akilalamika kwamba wageni wamechoshwa na bahari, wanataka milima ya kupanda. Kiponda, kwa kutaka kuonekana, akasema kwao iko miamba inayogusa mawingu. Akatakiwa awaongoze. Gari liliwafikisha barabara inapoishia, wakatembea vichakani hadi jua likapinda. Wageni hao, Waitaliano, walipoyaona majabali yale walinyamaza kama watu walioingia msikitini. Wakajifunga kamba viunoni, wakapanda, wakashuka, wakaoga dimbwini, wakamkumbatia Kiponda wakiwa bado wanachuruzika maji. Siku ile alijiona mtu.

Haikupita miezi mingi, chifu akaitisha baraza. Akatangaza kwamba bonde limekodishwa kwa hoteli, kwamba hayo ni maendeleo, na wageni hawawezi kuoga maji yaliyotibuliwa na madebe na mifugo. Wazee wakauliza nani aliyeulizwa. Chifu akajibu kwamba mwenye neno aende mjini akalisemee huko. Kiponda akapewa kaki. Alitaka kuikataa, lakini mkewe, Zipporah, akamwuliza kama aibu hupikwa ikaliwa.

Sasa Mwaura alikuwa akishuka mteremkoni, wageni na kamba zao nyuma yake. Alipofika hakupaza sauti.

"Kiponda, huyu mama ni nani?"

Alikuwa mwanamke aliyemlea tangu mamake alipofariki, aliyembeba mgongoni hadi zahanati ya misheni alipougua surua, akarudi naye mgongoni vilevile.

"Ni mtu wa hapa tu," alisema Kiponda.

"Basi unajua kazi yako."

Akalichukua debe mikononi mwa shangazi yake, akalimimina dimbwini. Kabibi aliyatazama maji yakirudi. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bwana askari," alisema, yeye aliyestahili kuamkiwa.

Akachukua debe lake tupu, akashika njia ndefu ya kwenda mto Sabaki, jua likiwa utosini.

Hakufika. Wachoma makaa walimkuta asubuhi ya pili kando ya njia, amelala ubavu, leso imemfunika uso kama mtu aliyejipumzisha kidogo.

Mwanawe, Jefwa, alikuja Majabalini peke yake. Kiponda alitamani apigwe, au atukanwe angalau. Lakini Jefwa aliutua mtungi chini, akaomba maji ya kumwoshea mamake. Aliomba kwa adabu, kama anavyoombwa mkubwa usiyemjua.

Kiponda akaenda kwenye hema la hoteli, alimokuwa Mwaura akinywa chai, akamweleza. Mara hii alisema: "Ni shangazi yangu. Yule wa juzi."

Mwaura alikiweka kikombe chini. Alionekana kuhuzunika kweli.

"Pole sana, Kiponda. Lakini wageni ndio kwanza wameingia kuoga. Wakijua ni maji ya maiti, nani ataoga hapa tena? Ngoja watoke. Maiti haina haraka."

Kiponda akarudi ukingoni. Angeweza kuuchukua mtungi, akauzamisha mbele ya macho yao, akampa Jefwa aende. Maji yalikuwa hapo tu. Hakuugusa mtungi.

Ndani ya maji, mwanamke mmoja wa Kitaliano, viganja vimechubuka kwa kupanda, alimwona amesimama. Akamtabasamia kwa wema kabisa, akamwita kwa kidole, akamwonyesha taulo lililoanikwa juu ya jabali.

Kiponda alimtazama Jefwa. Jefwa alikuwa ameketi kando ya mtungi, akitazama chini.

Kiponda akalichukua taulo. Akavua viatu, asije akayachafua maji, akaingia dimbwini hadi kiunoni, mikono ameiinua juu ya kichwa, taulo lisilowe.