Mgomo wa Kimya wa Jukwaa la Kumi na Mbili

Shemeji yangu Bernadine Wojcik ndiye aliyezigawa zile barua, kwa mkono wake mwenyewe. Ni mgawa barua wa posta ya Harlan Mills, mwaka wa ishirini na tisa sasa, na Jumanne ile ya Agosti mkoba wake ulikuwa na bahasha themanini na tatu za kijani, zote zina nembo ya timu yetu ya besiboli, Nungunungu. Alidhani ni kalenda. Akawa anazitumbukiza kwenye masanduku ya watu huku anapiga mluzi.

Alipofika nusu ya Mtaa wa Pulaski akaanza kusikia watu wanapiga mayowe nyuma yake. Mzee mmoja alitoka barazani ana soksi mguu mmoja, karatasi mkononi, akamwuliza, "Bernadine, mimi nimekukosea nini?"

Bernadine barua yake mwenyewe aliifungua palepale, kaegemea gari la posta. Tiketi ya msimu, kiti kimoja, imetoka dola mia sita na arobaini, imefika mia tisa na tisini. Chini kulikuwa na saini ya mwenye timu, Bwana Prescott Hale, akitushukuru kwa kuwa sehemu ya familia, na kutukumbusha kwamba shangwe za uwanja wetu hazina mfano popote.

Alinipigia simu. Nililazimika kuiweka mbali na sikio, maana Bernadine hata akikusalimia vikombe vinagongana kabatini.

"Kaz! Sumu hii nimeibeba mimi! Begani kwangu!"

"Shemeji, pumua kwanza."

"Nitapumuaje na mtu kanipandishia bei ya timu iliyofungwa mara kumi na moja mfululizo?"

Hapo alisema kweli. Mwaka ule Nungunungu walikuwa wabovu mno. Lakini mimi, Bernadine, na Lamar Tibbs kinyozi tulikuwa tumekaa viti vitatu vilevile, jukwaa la kumi na mbili, miaka kumi na tisa. Kaka yangu, mumewe Bernadine, hapendi besiboli. Husema yeye kelele za uwanjani anazipata bure nyumbani.

Alhamisi tukajazana kwenye duka la kunyolea la Lamar, watu kama arobaini, wengine wamekalia masinki. Kila mtu alikuja na shauri. Mmoja akasema tusiende kabisa. Tukatazamana. Zilibaki mechi sita za nyumbani, halafu miezi sita ya theluji. Nani angeweza?

Lamar alikuwa anamnyoa mteja na hakuacha kunyoa. Ni mtu wa maneno machache, na kila mechi huiandika kwa penseli kwenye daftari lake, mpira kwa mpira, tangu ujana.

"Isomeni tena barua," akasema. "Anauza nini?"

"Besiboli," nikasema.

"Besiboli gani, Kaz? Umeiona timu yenyewe? Anauza shangwe. Ameandika mwenyewe. Sasa shangwe ni nani? Si sisi? Twende wote, tukae kwenye viti vyetu tulivyolipia, na tusitoe sauti. Kuanzia mlango wa kuingilia mpaka mlango wa kutokea. Hata kikohozi."

Halafu, kama waliopangwa, watu wote arobaini wakageuka kumtazama Bernadine.

"Mbona mnaniangalia mimi?"

Mmoja akajifanya anatafuta kofia yake.

"Naweza kunyamaza! Mnafikiri siwezi kunyamaza?" Chupa za manukato zikatetemeka kwenye rafu.

"Dada," Lamar akamwambia kwa upole, "kipindi kimoja tu nakupa. Mechi ina vipindi tisa."

"Tutaona!"

Kuweka karatasi kwenye sanduku la mtu bila stempu ni kosa kwa mfanyakazi wa posta, na Bernadine sheria haivunji. Kwa hiyo aliisambaza habari kwa mdomo, mlango kwa mlango, siku mbili, na kwa sauti ile mlango mmoja ulitosha mtaa mzima.

Jumamosi mchana tuliingia watu elfu nne. Mtangazaji akapiga kelele kwenye vipaza sauti, "Harlan Mills, mpo?" Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Unajua sijawahi kujua kwamba kamba ya bendera ya uwanja wetu hugonga mlingoti? Miaka kumi na tisa, siku ile ndiyo nikaisikia. Ta, ta, ta. Nikasikia pampu ya haradali kwenye kibanda cha soseji ikicheua. Muuza karanga alipita ananong'ona, "Karanga, karanga," kama anatongoza. Yule jamaa anayevaa vazi la nungunungu alikuja mbele yetu akacheza, akatingisha miiba, akajibwaga chini, akainuka, akatutazama. Ndani ya kile kichwa cha manyoya sauti ndogo ikasema, "Jamani?"

Bernadine alikuwa amejaza mashavu. Uso umekuwa mwekundu kama nyanya, mikono imeshika kiti. Yerson Peguero, kijana wetu anayelinda kituo cha tatu, alipodaka mpira mkali kwa kujirusha ubavu, shemeji aliniuma bega. Sisemi kwa mfano. Aliniuma.

Lakini wageni ndio walioteseka. Mrushaji wao alikuwa anageuka geuka kama aliyeingia msiba wa watu asiowajua. Na shida yao kubwa ilikuwa hii: kila walichosema kilisikika. Kocha wao akimnong'oneza mrushaji sikioni, "Mpe wa chini, wa polepole," mpigaji wetu anasikia, jukwaa zima linasikia, mpaka muuza karanga anasikia. Mpira ukija wa chini, wa polepole, kijana wetu anausubiri kama basi. Tukashinda sita kwa moja.

Elfu nne tukatoka mpaka nje ya geti bila neno. Mguu wa mwisho wa Bernadine ulipovuka mstari wa geti, alifungua mdomo, na njiwa wote wa kwenye paa la kanisa la Mtakatifu Hedwig wakaruka.

Jumapili tukashinda tena. Jumanne tukashinda. Sasa likaingia jambo ambalo hatukulipanga. Wachezaji wa besiboli wanaamini mambo. Mwingine hafui soksi akishinda, mwingine hakanyagi mstari wa chokaa. Jumatano, kabla ya mechi, Peguero alikuja mpaka kwenye ukuta wa jukwaa letu, akavua kofia, akamwita Bernadine kwa kidole.

"Mama," akanong'ona, "nakuomba sana. Usianze kusema."

Bernadine akaweka mkono kifuani. Miaka yote alikuwa akiwapigia kelele wachezaji mpaka mishipa inamtoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kumsemesha. Siku amenyamaza, ndiyo anaitwa mama. Aliitikia kwa kichwa kwamba amekubali, machozi yakimlenga, kisha akacheka kwa mabega tu, bila sauti, mpaka kiti changu nacho kikawa kinatikisika.

Hizo kelele alizozibana zilitafuta pa kutokea. Watu wa njia yake ya barua walianza kuripoti mambo. Alimshangilia mama mmoja aliyekuwa anarudisha gari nyuma kutoka gereji. Mbwa wa Mtaa wa Pulaski alikamata mpira wa tenisi, Bernadine akaangusha mkoba akaruka ruka. Kaka yangu akanipigia, "Kaz, lini mtamaliza huo mgomo? Jana nimekata kitunguu, kanipigia makofi."

Jumatano tukashinda, Alhamisi tukashinda. Mechi tano. Magazeti ya jimbo yakaja kupiga picha za watu walionyamaza. Walioona kwenye televisheni wakapiga simu kuuliza kama seti zao zimeharibika. Bia ikakosa wateja, maana nani anywe bia halafu akae kimya?

Ikafika Jumapili, mechi ya mwisho ya nyumbani, jua kali la saa nane. Kipindi cha nane kilipokwisha tulikuwa tunaongoza tatu kwa mbili, na timu zikawa zinabadilishana nafasi. Nikaona mtu wa suti ya kitani anateremka ngazi za jukwaa la kumi na mbili, ana trei ya soseji za bure. Alikuwa Bwana Prescott Hale. Alichuchumaa kando ya Bernadine, akainamisha kichwa.

"Mama Wojcik," akanong'ona, "tuzungumze kama watu wazima."

Alifikiri ananong'ona. Katika kimya kile, maneno yake yalifika mpaka ukuta wa mbali. Mlinzi wa kushoto kabisa wa wageni aligeuka akasema, "Ehe?"

Bernadine akanyang'anya daftari la Lamar na penseli yake. Lamar alipanua macho kama mtu anayeporwa mtoto, akaanza kuashiria kwa mikono: si hapo, si hapo, ukurasa wa nyuma! Bernadine akafungua wa nyuma. Akaandika: *ZUNGUMZA.*

"Naweza kushuka hadi mia tisa."

Watu elfu nne wakatikisa vichwa. Hakuna sauti, upepo tu wa vichwa.

Ndipo Bwana Hale akajua kwamba uwanja mzima unamsikia. Akatazama huku na huku. Mwamuzi alikuwa amevua kinyago chake na kukaa vizuri kusikiliza. Wachezaji wa timu zote mbili wamesimama palepale walipofika, mikono viunoni.

"Mia nane," akasema.

Bernadine akachukua soseji moja, akaitazama, akairudisha kwenye trei.

"Lakini mama, nina gharama! Nyasi, taa, wachezaji..."

"Wachezaji?" Peguero akasema kutoka kwenye kituo cha tatu, wala hakupaza sauti. "Mimi nalala kwenye kochi la mrushaji."

Mrushaji akainua mkono kuthibitisha.

Bwana Hale akawa mwekundu, kisha mweupe, kisha ghafla, sijui ni jua au ni nini, akaanza kucheka. Alicheka mpaka trei ikayumba, na soseji mbili zikamwangukia Lamar mapajani.

"Haya," akasema. "Haya. Kwa wenye viti vyao vya sasa, bei ya zamani. Misimu miwili."

Bernadine akaandika: *SAINI.* Bwana Hale akatia saini, mbele ya uwanja mzima, nyuma ya daftari la kinyozi.

Mgomo ukawa umekwisha. Niliona vifua elfu nne vikivuta pumzi kwa pamoja. Na papo hapo wachezaji wetu wote tisa wakageuka na kutupungia mikono kama wenda wazimu: hapana, hapana, bado! Peguero alikuwa amepiga magoti amekutanisha viganja. Bado kipindi kimoja.

Basi tukabana. Furaha imekujaa mpaka kwenye masikio na huna pa kuiweka. Mimi nilikuwa nalia. Bwana Hale mwenyewe alikaa kwenye ngazi amejiziba mdomo kwa tai yake. Mpigaji wa kwanza akatolewa. Wa pili akatolewa. Wageni wakapata watu wawili kwenye vituo, na wa mwisho akaupiga mpira juu, juu kabisa, mbele yetu, kwenye jua.

Ukidakwa hewani, tumeshinda. Ukianguka, wale wawili wanakimbilia kituo cha nyumbani na wanatupita nne kwa tatu. Peguero alikuwa anaukimbilia kutoka upande mmoja, Duquette, mdakaji wetu, kutoka upande wa pili, wote macho juu, wote wamepofushwa na jua. Katika besiboli, mmoja lazima aite mpira kuwa ni wake. Hawa wawili, wiki nzima wameapa kimya. Hakuna aliyeita. Nikaona wanakwenda kugongana vichwa.

"DUQUETTE, WAKO! PEGUERO, LALA CHINI!"

Alikuwa Bernadine, na nadhani walimsikia hadi mji wa Cleveland. Peguero alijibwaga kama gunia. Duquette alimruka, akanyoosha mkono, na mpira ukaingia kwenye glavu yake kama uliokuwa na anwani.

Kilichofuata siwezi kukieleza vizuri. Kelele za mechi sita zilitoka kwa pamoja. Kofia yangu ilipaa na sikuiona tena. Lamar, mtu wa maneno machache, alikuwa amesimama juu ya kiti anapiga ukemi usio na maana yoyote, suruali imejaa haradali. Yule nungunungu alivua kichwa, akambusu Bwana Hale kwenye upara. Peguero aliparamia ukuta akamkumbatia Bernadine wakaanguka wote kwenye safu ya mbele.

"Mama, si nilikwambia usiseme!"

"Ungekufa, mpumbavu wewe!"

"Ningekufa!" akasema, akicheka, na kumbusu mashavu yote mawili.

Bernadine alipoinuka alijaribu kuniambia kitu, lakini sauti haikutoka. Ilikuwa imekatika kabisa. Alifungua mdomo, akaufunga, akanionyesha koo lake, na tukacheka hadi tukashikilia viti.

Bei ilibaki palepale, ingawa mwaka uliofuata Bwana Hale alipandisha maegesho ya magari, na hiyo nayo tuliizungumzia kwa Lamar. Nungunungu msimu ule walimaliza wa saba kati ya timu nane. Lakini Jumapili ile tulikaa pale uwanjani mpaka wafagiaji walipotufikia na mafagio yao, tunakula zile soseji za bure, jua liko begani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.