Maili za Trevor Pallister

Jirani yangu Trevor Pallister alikuwa na kigari kimoja cha mizigo na maili za aina mbili. Kulikuwa na maili za bima, chache na zenye adabu, kwa sababu kampuni ya bima ikisikia unaendesha sana inakupandishia bei. Na kulikuwa na maili za serikali, nyingi kama kumbikumbi, kwa sababu hapa Middlesbrough, Uingereza, mtu aliyejiajiri, anaporipoti mapato yake kila mwezi, hukata peni arobaini na tano kwa kila maili ya kazi. Mapato yakikonda hivyo, kodi nayo hukonda, na posho ya serikali hunenepa. Maili za kweli, zile zilizokanyagwa na matairi, hazikumhusu mtu.

Wala hakuona haya. Alinieleza mwenyewe kwenye uzio wa bustani, huku anakula soseji.

"Bima nimewaambia elfu nne kwa mwaka. Serikali nawaambia elfu kumi na nane."

"Na gari lenyewe linasemaje?"

"Gari nani kaliuliza, jirani?"

Kazi yake ilikuwa kusafisha mifereji ya paa, na wateja wake wengi ungewafikia kwa miguu kabla chai haijapoa. Kwa hiyo, ili maili zitimie, alimzua mteja huko Whitby, mji wa pwani, maili thelathini kwenda na thelathini kurudi: bibi mmoja mwenye nyumba kubwa ambayo mifereji yake, kwa hesabu za Trevor, iliziba mara mbili kila wiki. Nilimuuliza hayo majani yote yanatoka wapi. Akacheka mpaka soseji ikamkwama. Na huyu ndiye aliyekuwa akikaa baa kila jioni kuwasema watu wanaokula posho kwamba ni wavivu na wanafilisi nchi. Posho yake yeye aliiita kodi yake inayorudi nyumbani.

Whitby hakuichagua kwa bahati. Aliijua njia, kwa sababu Lynne, dada wa mkewe, alikuwa akiishi huko. Lynne alianza kuugua baada ya Krismasi, na mkewe, Jeanette, ambaye nyonga zake hazikuwa zikipatana na ngazi za basi, alimwomba ampeleke kumwona.

"Wiki ijayo, mpenzi," Trevor alikuwa akimwambia. "Bima imenibana. Maili zikizidi, siku tukipata ajali hawatulipi hata peni."

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo. Lynne akafa mwezi wa Machi, na Jeanette akaenda kumzika kwa kupewa lifti na watu baki. Hakumlaumu mumewe. Aliniambia, "Trev angefanyaje? Maili zilikuwa zimekwisha." Nilikasirika, nikambebea mfuko wake mpaka mlangoni. Mwanamke amefiwa, nami nimwambie nini tena?

Mwezi wa Mei ukaja upepo mkali, ukaangusha bomba la moshi la nyumba yao juu ya kigari. Paa likabonyea mpaka kwenye usukani. Bila gari Trevor asingeweza kubeba ngazi, na bila ngazi hakuna kazi. Kila kitu kikawa mikononi mwa bima.

Bima ikamtuma Bi Farrow kuja kukagua. Nilikuwepo, kwa sababu Jeanette aliniita nimsaidie kuandaa chai, na Trevor aliagiza zitolewe biskuti zenye chokoleti. Bi Farrow alilipiga gari picha, akaingia, akakataa biskuti.

"Bwana Pallister, ulituambia unaendesha maili elfu nne kwa mwaka."

"Kama hizo. Mimi si mtu wa kuzurura."

"Kati ya ukaguzi wa gari wa mwaka jana na wa mwaka huu zimeongezeka elfu saba." Akamgeuzia simu yake. "Rekodi hizi anaziona kila mtu."

Trevor akakohoa. Miaka yote ile ya kupanga uongo, hakuwahi kukumbuka kwamba fundi wa ukaguzi huandika namba iliyo kwenye dashibodi. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, hata akiiandikia maili elfu kumi na nane.

"Ni kazi iliyoingia ghafla," akasema. "Sikuwahi kuwaarifu, hilo kosa langu. Kuna mteja Whitby. Mara mbili kwa wiki tangu Januari. Waulize hata watu wa posho, niliwaripotia maili zote."

Alilisema hilo la watu wa posho kwa fahari, kana kwamba ameleta padri kumshuhudia. Bi Farrow akaanza kuandika.

Jeanette aliweka birika chini.

"Whitby?"

"Nitakueleza baadaye, mpenzi."

"Ulikuwa unakwenda Whitby?"

Hapo Trevor alikuwa na neno moja tu la kusema: sikwenda. Mkewe angemtukana, angenuna wiki nzima, kisha angempikia. Lakini kusema sikwenda ni kukiri kwamba aliidanganya serikali, mbele ya mwanamke mwenye kalamu. Alimtazama mkewe, akaitazama ile kalamu.

"Nilikwenda," akasema.

"Machi pia?"

"Machi pia."

Nilitamani kumpiga na lile birika. Machi yote alikuwa baa ya hapo kona, nilimwona kwa macho yangu. Nikafungua mdomo kulisema hilo, Jeanette akaniinulia mkono.

"Jirani, usimsaidie. Amekwisha kuchagua."

Bi Farrow alifunga faili lake, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa maelezo hayo kampuni haitalipa. Sidhani kama Trevor alimsikia. Alikuwa akimtazama Jeanette anavaa koti.

"Unakwenda wapi na nyonga hizo?"

"Kaburini kwa Lynne. Kuna basi."

"Utarudi saa ngapi?"

"Muulize yule mteja wako."

Akachukua fimbo yake mlangoni, akatoka, na kutoka dirishani tukamwona anashuka mtaa polepole kuelekea kituoni.